Gari la Mwalimu Léon Halikuwa la ONG

Hubert hakuwahi kuwa na ONG. Neno hili liwekwe mbele kabisa, kabla ya habari nyingine yoyote, kwa sababu kuanzia soko la Bunia mpaka Ngezi bado kuna midomo inayosema kwamba Hubert wa Rwambuzi, mdogo wa marehemu Mwalimu Léon, alifungua shirika la misaada, akakusanya watu waliokimbia vita, akawaahidi turubai na unga, kisha akala vyote na kumwozesha binti wa kaka yake kwa mali hiyo. Wengine wanaongeza kwamba shirika lilikuwa na makao makuu Ulaya. Wengine walimwona mpaka mzungu wake.

Hapakuwa na mzungu. Hapakuwa na turubai pia, isipokuwa lile lililofunika injini, na hilo lilikuwa mali ya nyumba. Palikuwa na gari, rangi nyeupe, na neno lililokwisha kutoka mdomoni. Nyumba ya Mwalimu Léon, kwa kinywa cha mjane wake, itaeleza jambo lilivyokwenda, na itaeleza mara moja tu.

Hubert alikuwa muuza vipuri vya baiskeli sokoni, mtu wa misa kila Jumapili, baba mwema, mume wa Denise. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kutengeneza kitu akakiacha kilivyokuwa. Ukimpa kiti kilichovunjika mguu, kilirudi na mguu mpya, pamoja na mahali pa kuwekea kikombe. Ukimpa redio iliyonyamaza, ilirudi ikisema, ila sasa unaiwasha kwa kukanyaga. Denise alikuwa na pasi ya mkaa yenye kengele ya baiskeli. Kengele ya nini, hakuna aliyeelewa, lakini shati likipigwa pasi kwa Hubert, mtaa mzima ulipata habari.

Nyuma ya nyumba ya kaka yake, kati ya jiko na choo, alikuwa amesimamisha nguzo za mkaratusi na kuzifunika mabati. Juu yake aliandika GARAGE IMPECCABLE, yaani gereji isiyo na dosari. Ndani ya garage hiyo lilikaa gari moja tu, Peugeot 404 ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo Mwalimu Léon aliinunua katika miaka ile mwalimu alipokuwa bado mtu wa kununua gari. Lilikuwa la buluu ya mbinguni. Aliliendesha kwa koti na tai, polepole, ili watoto wa shule wapate nafasi ya kumsalimia vizuri.

Vita vilipokuja na wenye bunduki wakaanza kuchukua kila kitu chenye magurudumu, ndugu hao wawili waliliua gari lao wenyewe kabla hajaja wa kulichukua. Magurudumu yakaenda darini. Injini ikateremshwa ndani ya shimo nyuma ya jiko, imefungwa katika turubai. Ndani ya bodi wakaingiza kuku. Siku wenye silaha walipofika na kuchungulia dirishani, jogoo aliwarukia usoni, nao wakaenda zao wakitukana. Kwa hiyo gari la Mwalimu Léon lilipona vita kwa kuwa nyumba ya kuku, na hakuna aibu hapo. Wapo waheshimiwa waliopona kwa mbinu zisizosemeka zaidi.

Lakini iko habari ya mafuta, na lazima isemwe. Mwalimu Léon alifundisha Kifaransa na Kilatini, hakufundisha mekanika. Alijua kwamba chuma huhifadhiwa kwa mafuta. Mafuta ya injini hayakupatikana Bunia siku zile. Mawese yalipatikana. Basi kabla ya kuteremsha injini shimoni, waliimiminia mawese katika kila tundu mpaka yakafurika. Mwalimu aliita kazi hiyo uhifadhi. Baadaye aliugua, akafa kitandani mwake akiwa amevaa pijama safi, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa karibu sawa na nishani.

Ndipo ikaja amani. Ni ile amani ya Bunia, ambayo mtu huingia kama anavyoingia mto asioujua kina chake, mguu mmoja mbele na mwingine tayari kurudi. Watu wa Djugu walikuwa bado wanaishi chini ya turubai pembeni mwa mji, na magari meupe ya mashirika yalijaa barabarani kama kunguru shambani. Katika amani hiyo Dorcas, binti wa Mwalimu Léon, alichumbiwa na kijana mzuri wa Ngezi aitwaye Élisée.

Katika ukoo huu uliotoka Butembo, baba akiwa amekufa, baba mdogo ndiye anayesimama mahali pake. Na neno likisemwa wakati mbuzi wa mahari wamefungwa uani, neno hilo limefungwa pamoja nao. Huwezi kubaki na mbuzi ukalifungua neno. Hubert alilijua hilo tangu akiwa ananyonya. Lakini siku ya mahari, Ambroise, baba mdogo wa Élisée, mtu wa kofia pana, mwenye jeep moja na ulimi wa kutosha jeep tano, alisimama katikati ya ua na kusema:

"Sasa, wakwe, kitu moja tu tunauliza. Siku ya harusi, siye tulete jeep ya kubeba mutoto? Juu gari zenu tunazijua, ni hizi mbili zenye vidole kumi. Bibi harusi asifike kanisani na vumbi mupaka kwa magoti."

Wageni walicheka. Mtu mwenye busara angejibu, "Asante, lete jeep." Mjane wa Léon alimkazia Hubert macho yenye maana hiyohiyo. Lakini Hubert alikuwa ameshatazama upande wa garage.

"Dorcas iko na baba," alisema. "Atatoka hapa ndani ya gari ya baba yake."

"Gari gani?"

"Ile."

Ua mzima uligeuka. Jogoo alitoa kichwa kwenye dirisha la dereva na kuwika.

Ambroise alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alipoiokota, hakuwa anacheka tena. "Sawa, mukwe. Mbuzi wamesikia. Na mimi naongeza yangu. Kama ile nyumba ya kuku haimufikishe mutoto kanisani, atapanda jeep yangu, mimi njo nitamushika mukono kumuingiza, na ku kiti ya baba nitakaa mimi."

Mbuzi mmoja alilia, na shughuli ikahesabiwa kwamba imekwisha.

Hubert alishika kichwa. Kiti cha baba yake Dorcas, mbele ya altare, akikalie mtu wa kofia? Alikwenda kumwomba Dorcas msamaha jikoni. Dorcas alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua hata macho.

"Papa mudogo, kama itatembea, nitapanda. Kama haitatembea, nitapanda vilevile, na mutanisukuma."

Kazi ikaanza. Kwanza kuku walihamishwa. Walihama wote isipokuwa mmoja, kuku mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya, aliyekuwa ametagia kiti cha nyuma kabisa tangu ujana wake na ambaye kwa hesabu yake lile gari lilikuwa urithi. Walifunga madirisha, akaingia kwa tundu la kutu sakafuni. Hubert aliziba tundu kwa kipande cha pipa, akaingia kwa mlango wa nyuma. Denise alimbeba mpaka kwa majirani, na kabla Denise hajafika nyumbani, kuku alikuwa amefika.

Injini ilipotolewa shimoni, mawese yalikuwa yameganda ndani yake kama sabuni, rangi ya chungwa. Hubert alichemsha maji sufuria kwa sufuria, akamwaga, akakwangua kwa kijiko, akamwaga tena. Alipofika kwenye pistoni alipiga yowe lililomtoa Denise bafuni. Hapakuwa na kutu hata chembe. Kilatini kilikuwa kimeshinda.

Siku injini ilipowashwa mara ya kwanza, ilikohoa, ikapiga chafya, ikatoa moshi mzito, na mtaa wote wa Rwambuzi ukanuka maandazi. Si harufu ya kufikirika. Yalikuwa maandazi yanayoiva, ya asubuhi, kwenye karai. Jirani alikuja na sahani.

"Itaisha," Hubert alimwambia. "Ni mawese kidogo tu yamebaki."

Haikuisha.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Hubert alitazama gari likitetemeka na kunukia, akaona halijakamilika. Kwa kuwa mashimo ya barabara yangeligonga tumbo, aliliwekea spiringi za jeep iliyokufa, likapanda juu mpaka Denise akahitaji kigoda ili aingie. Juu ya paa alichomelea kibebeo cha chuma cha kubebea zawadi. Ili redio ipate nyimbo za kwaya, alifunga mbele waya mrefu wa antena, uliopinda na kurudi nyuma kama fimbo ya mvuvi. Buluu ya mbinguni haikupatikana dukani. Kilichokuwepo ni nyeupe, makopo kwa makopo, maana kila ofisi mjini ilikuwa inajipaka nyeupe. Hubert alifurahi: si ndiyo rangi ya bibi harusi? Na kwa kuwa mlango ulikuwa na kovu baya la kuchomelea, alimwita Athanase, mchora vibao, alifunike kwa picha ya harusi, mikono miwili iliyoshikana na njiwa juu yake. Athanase alikuwa amechora vibao vya mashirika yote ya mji. Mkono wake, kwa mazoea tu, ulizungushia picha hiyo duara, na kila upande tawi la majani.

Mjane wa Léon aliletwa kutazama. Alizunguka gari mara mbili.

"Hubert, hii gari inafanana na kitu."

"Inafanana na harusi, Mama Dorcas."

"Hapana. Iko kitu ingine. Nitakumbuka."

Alikumbuka kesho yake, lakini Hubert alikuwa ameshatoka kulijaribu.

Safari hiyo ilikuwa furaha kubwa ya maisha ya Hubert. Alipofika kwenye kizuizi, askari ambaye kwa kawaida hukagua mpaka soksi aliinua mti haraka na kupiga saluti. Hubert alijibu saluti, machozi yakimlengalenga: hata jeshi linaiheshimu gari ya kaka! Kwenye mzunguko, gari jeupe la shirika fulani lilimwashia taa, kama mtu anavyomsalimia mwenzake wa kazi. Naye akawasha. Akapita pembeni mwa mji, mahali pa turubai, watoto wakamkimbilia wakishangilia. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa lake pekee katika habari hii yote. Alipiga honi na kupunga mkono.

Asubuhi iliyofuata, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya lango, sufuria tupu mapajani. Aliitwa Emérance, alitoka Bule, kule Djugu. Kule alikuwa na shamba la viazi na meza sokoni. Hapa alikuwa na kile kigoda, ile sufuria, na kipaji cha kupanga mistari ya watu ambacho hata makoplo wangemwonea wivu. Nyuma yake mstari ulifuata ua mpaka kwenye kona, umenyooka kama rula.

"Chef, jambo."

"Jambo, mama. Mimi si chef."

"Ndiyo. Chef ya kweli hasemake kama iko chef. Mutaanza kuandika watu saa ngapi?"

"Kuandika watu gani?"

"Siye hapa."

Hubert aliutazama mstari. Mstari ulimtazama Hubert.

"Mama, hii gari ni ya harusi. Ya ndoa. Mutoto wa kaka yangu anaolewa."

Mama Emérance alifikiri, kisha akageuka nyuma na kupaza sauti: "Ni programme ya ndoa!"

Habari ikasafiri mpaka kwenye kona. Mzee mmoja akalalamika kwamba yeye ameshaoa. Akaambiwa asitoke kwenye mstari, pengine kutakuwa na awamu ya pili.

"Hakuna programme!" Hubert alipiga kelele. "Sina unga! Sina bâche, sina turubai hata moja! Sina hata bic ya kuandikia!"

"Mumesikia?" Mama Emérance aliwaambia wenzake kwa upole. "Wote wanasemaka hivi siku ya kwanza. Wale wa mwaka jana walisema hawana kitu, kisha wakaleta sabuni." Akamgeukia tena. "Na ile harufu, chef? Nani anapika?"

"Ni injini."

"Injini inapika?"

"Injini... tuliweka mawese. Wakati ya vita. Kaka yangu alikuwa mwalimu."

Halafu Mama Emérance alimpigapiga Hubert begani, kama mtu anayefariji mgonjwa. "Tunaelewa, chef. Ni procédure. Siye tutangoja."

Mjane wa Léon alitoka akiwa amevaa vizuri, akasimama mbele ya lango, akawaeleza watu wote kwa Kifaransa kilichonyooka, kisha kwa Kiswahili, kwamba nyumba hii ni nyumba ya mwalimu na haina shirika lolote. Kifaransa ndicho kilichoharibu. Mtu wa tatu kwenye mstari alimwambia wa nne kwamba huyu ndiye coordinatrice, mkuu wa shirika lenyewe, na mstari ukaongezeka. Mjane alirudi ndani na kufunga mlango.

Mwishoni Hubert alisema maneno aliyodhani yatamwokoa: "Mama, mukuje Samedi asubuhi, siku ya harusi. Gari itatoka, mutaona na macho yenu kama ni ya harusi."

"Samedi!" Mama Emérance alitangaza, akakunja kitenge chake, na mstari wote ukaondoka kwa utaratibu ule ule.

"Pakaa hii gari rangi ingine," mjane wa Léon aliagiza. "Leo."

Rangi iliyokuwa imebaki garage ni ile nyekundu ya kuzuia kutu. Hubert alijaribu kidogo juu ya boneti, mstari mmoja wa kwenda na mmoja wa kukata, aone kama inashika. Denise alipita na beseni la nguo, akaona msalaba mwekundu juu ya gari jeupe, akapiga ukelele, na mistari ikafutwa kabla haijakauka. Basi wakaamua kulivalisha maua ya karatasi, na mbele wakafunga kitambaa kikubwa: VIVE LES MARIÉS, yaani waishi maharusi. Mama Emérance, ambaye alipita kila siku kuangalia kazi inaendeleaje, alikitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa vizuri. Mumeandika jina ya projet."

Mpaka Jumamosi inafika, mstari ulikuwa umejichagulia komite. Mama Emérance alikuwa prezidenti. Yule mzee aliyeshaoa alipewa kazi ya kupokea malalamiko, na tayari alikuwa na moja, kwamba alichaguliwa bila kuulizwa.

Asubuhi ya harusi kuku mwekundu hakuonekana. Denise alitafuta jikoni, alitafuta chooni, akasema heri, labda mwewe amefanya hisani. Hubert alivaa koti la Léon, mikono ikamfunika mpaka kwenye vidole. Dorcas akapandishwa kwa kigoda, mweupe kama maziwa, mama yake kando yake. Nje, Ambroise alikuwa ameshafika na jeep yake iliyong'arishwa, ameiegesha mahali ambapo kila mtu angeiona, injini inaunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Na pande zote mbili za barabara, umenyooka, ulisimama mstari, kila mtu na sufuria yake.

"Hawa ni nani?" Ambroise aliuliza.

Hubert alizungusha ufunguo na 404 ikawaka. Ikakohoa mara moja, ikashika. Harufu ya maandazi ikatanda. Mstari ukatoa sauti moja ya "Aaa!" na gari likatoka langoni.

Liliteremka Rwambuzi kwa adabu, maua yakipepea, antena ikiyumba. Nyuma yake watu wakafuata wakiimba, sufuria zikipigwa kama ngoma. Nyuma yao jeep, Ambroise amekaa wima. Hubert hakupumua. Alihesabu miti ya barabarani kama shanga za rozari. Kanisa likaonekana juu ya mlima mdogo, kengele inalia, na hapo kwenye mlima, mahali wageni wote waliosimama mlangoni waliona vizuri kabisa, injini ilipiga chafya, ikatema moshi wa rangi ya chungwa, ikanyamaza.

Hubert alizungusha ufunguo. Hakuna. Akazungusha tena, akasali, akazungusha. Nyuma yake mlango wa jeep ulifunguliwa na kufungwa bila haraka. Ambroise alifika dirishani akipangusa vumbi kwenye mkono wa koti.

"Pole sana, mukwe. Mbuzi walisikia. Mutoto ashuke."

"Sishuki," alisema Dorcas.

"Binti, jeep iko na kiti ya ngozi."

"Papa Ambroise, hata kama iko na kiti ya dhahabu."

Hubert aliweka paji la uso juu ya usukani. Honi ikalia yenyewe, maana alikuwa ameiunganisha hapo. Ndipo Mama Emérance akafika mbele, kigoda kichwani.

"Chef, kuna nini?"

"Imekufa, mama."

Aliinama kuchungulia ndani. Aliona shela, aliona maua mikononi mwa Dorcas, aliona mama wa bibi harusi akitazama mbele kwa heshima iliyobaki.

"Ah," alisema. "Kumbe ni harusi."

"Nilikuambia."

"Uliniambia," alikubali Mama Emérance. "Lakini kosa ni ya weye mwenyewe, chef. Sasa nani ataamini mutu anasema kweli na antenne ya vile?"

Akajitwika tena kigoda chake, akawageukia watu. "Sikieni wote! Hakuna unga! Hakuna bâche! Iko harusi tu!"

Wimbo ulikatika. Sufuria zikanyamaza moja moja mpaka mwisho wa mstari. Hubert aliona nyuso zao kwenye kioo, akatamani ashuke akajifiche chini ya gari. Ambroise akafungua mlango wa nyuma. Halafu sauti ya yule mzee wa malalamiko ikasikika:

"Na harusi bila chakula inaonekanaka wapi?"

Kicheko kilianza kwake kikaenda mpaka nyuma kabisa, kisha kikarudi.

"Haya!" alisema Mama Emérance. "Komite, nyuma ya gari! Wenye sufuria, wimbo! Papa ya kofia, toka kwa mulango, tutakukanyaga."

Wakasukuma. Gari la Mwalimu Léon, refu, zito, lenye spiringi za jeep, lilipanda ule mlima kama limebebwa na maji. Ambroise alikimbia kando yake, kofia mkononi.

"Hii si kutembea! Gari inasukumwa!"

"Mimi nilisema atatoka ndani ya gari ya baba yake," Hubert alipaza sauti akishika usukani kwa mikono isiyoonekana ndani ya koti. "Iko ndani! Na gari iko inaenda!"

"Inasukumwa!"

"Na weye, papa," Mama Emérance alihema kutoka nyuma, "siku ulizaliwa, haukusukumwa?"

Wageni mlangoni pa kanisa walishika mbavu, pamoja na mapadri ambao hawakupaswa. Gari likasimama mbele ya ngazi. Hubert alishuka, akakunja mikono ya koti, akampa Dorcas mkono wake, akamwingiza kanisani. Alikaa kwenye kiti cha baba. Wanaosema alilala wakati wa mahubiri ni waongo. Alikuwa amefumba macho.

Baada ya misa, Ambroise alimngoja mlangoni. Ijulikane kwamba sherehe ilikuwa juu ya upande wa bwana harusi, na kwamba ni wao wanaolisha jamaa ya bibi harusi, wote watakaokuja. Nje, mstari ulikuwa umejipanga upya, sufuria mbele.

"Mukwe," alisema Ambroise kwa sauti nyembamba, "hawa wote ni jamaa yenu?"

Hubert alikuwa na jibu rahisi, na lingekuwa la kweli kama ukweli unapimwa kwa majina ya mababu. Aliutazama mstari. Aliona viganja vya mikono vyenye rangi nyeupe, maana rangi ya gari haikuwa imekauka vizuri.

"Wote," alisema. "Hata yule muzee mwenye malalamiko. Yeye zaidi."

Kuna wanaosema hapo Hubert alidanganya. Nyumba hii inajibu: mtu aliyetoka Bule na sufuria tupu, akasukuma gari la marehemu kaka yako mpaka mlangoni pa kanisa huku akijua kwamba hakuna unga, mpeni basi jina lingine, kama mnalo.

Wakala. Mbuzi wa sherehe hawakutosha, wakaongezwa wengine. Wapishi wa Ngezi waliota jasho, na Ambroise mwenyewe alionekana akibeba sahani, kofia imesahaulika kwenye kiti. Hakuna aliyesukumana wala aliyekosa, kwa sababu Mama Emérance alisimama kwenye sufuria ya kwanza. Alipokuwa anaondoka, alimshika Hubert mikono yote miwili na kusema kwa sauti ya kutosha mji mzima, ndipo uvumi ulipozaliwa:

"Hii njo ONG ya kwanza ilitupikia nyama!"

Huo ndio ukweli. Gari lipo hata leo, jeupe, chini ya mabati ya GARAGE IMPECCABLE. Hubert anaendelea kulitengeneza, ingawa ameombwa asiendelee. Shirika halikuwepo.

Imebaki ile habari nyingine. Ni kweli kwamba baada ya misa mama wa bwana harusi, kwa heshima aliyostahili, aliombwa apande gari hilo lililokuwa linasukumwa kuelekea kwenye sherehe, na kwamba alikalia kiti cha nyuma kabisa. Ni kweli pia kwamba alipoteremka alikuwa amevaa kitenge kipya. Kuhusu kilichoonekana nyuma ya kitenge hicho, rangi yake ya njano, na mahali kuku mwekundu alipokuwa asubuhi ile, watu wa Ngezi wameuliza mara nyingi, tena kwa sauti. Kiti kilikuwa kimefutwa. Mjane wa Mwalimu Léon hana neno la kuongeza, na hataongeza.